Kiwanja na Kazi ya Mji: Uhakiki wa Mchezo wa SimCity

Kuchagua mahali ni kazi ya kwanza ya mjenzi, nayo ndiyo kazi isahaulikayo upesi jengo likisha kusimama. Ukuta mbovu huvunjwa ukajengwa tena. Paa livujalo huezuliwa likaezekwa upya. Lakini kiwanja kibaya hubaki kibaya chini ya kila ukuta na kila paa. Jambo hili ni kweli kwa nyumba, na kwa mji ni kweli maradufu, kwa sababu mji ukisha kukaliwa na watu haubebeki. Mchezo wa kompyuta uitwao SimCity, katika umbo lake lililotolewa Machi 2013, ulilichukua jambo hili ukalifanya kiini chake. Mchezaji huombwa achague kiwanja kabla ya kuchora barabara, kisha aupe mji wake kazi moja kubwa ya kuulisha. Machaguo haya mawili, la mahali na la kazi, ndiyo yatakayopimwa katika insha hii.

Yamkini msomaji atauliza kama mchezo ni kitu cha kuhakikiwa. Kazi yo yote itoayo picha ya maisha ya watu, ikachagua la kuonyesha na la kuficha, imekwisha kutoa hoja, na hoja haina budi kupimwa. Riwaya hutoa hoja yake kwa matendo ya wahusika. Mchezo wa namna hii hutoa hoja yake kwa kanuni. Kanuni ikisema kwamba makaa ya mawe huisha, hiyo ni kauli juu ya dunia. Kanuni ikinyamaza juu ya mchimbaji aliyebaki bila kazi, ukimya huo nao ni kauli. Mhakiki huzisoma kauli zote mbili.

SimCity ya kwanza ilitoka mwaka 1989, nayo ilikuwa kazi ya Mmarekani Will Wright. Mwaka 1984 Wright alikuwa amekwisha kutoa mchezo wa vita, Raid on Bungeling Bay, na katika kuutengeneza aligundua kwamba kuvijenga visiwa vya mchezo kulimpendeza kuliko kuvipiga mabomu. Katika kutafuta elimu ya miji alikisoma kitabu cha Jay Forrester, Urban Dynamics, kilichochapishwa mwaka 1969. Forrester alikuwa mhandisi, na mji aliouandika ulikuwa mfano wa mtambo: nyumba, viwanda na watu vikisukumana kwa hesabu. Kuuzunguka mtambo huo hakuweka vitongoji wala miji jirani. Aliweka dunia pana isiyo na jina, itoayo watu wakihitajiwa na kuwapokea wakifukuzwa. Kasoro hiyo ya asili iliingia katika mchezo. Mji wa 1989 ulisimama peke yake, na mchezaji alitawala kama mfalme wa kisiwa. SimCity 4 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta jimbo lenye miji mingi. Ile ya 2013, iliyotengenezwa na Maxis chini ya kampuni ya Electronic Arts, ililitwaa wazo la jimbo ikalifanya msingi wa jengo lote.

Uwanja wa mchezo huu umepangwa kwa ubahili wa makusudi. Jimbo lina viwanja vilivyokwisha kupimwa, na katika jimbo kubwa hesabu yake hufika 16. Kila kiwanja ni mraba ambao upande wake ni karibu kilomita mbili. Kabla ya kukitwaa, mchezaji huonyeshwa tabia zake: maji yaliyo chini ya ardhi, makaa ya mawe, mawe ya madini, mafuta ghafi na nguvu ya upepo, tena huonyeshwa kama reli inapita hapo na kama merikebu zaweza kufika. Barabara kuu imekwisha kuwekwa, na aghalabu huingia mjini kwa mlango mmoja tu. Mlima hausawazishwi kwa amri ya meya, wala mto hauchimbwi. Ardhi imetolewa kama ilivyo, na anayeitwaa huitwaa na kasoro zake.

Hapa ndipo mchezo unapoanza kusema kweli. Katika michezo mingi ya aina hii ardhi ni karatasi nyeupe, na ustadi wote ni wa mwandishi. Katika SimCity ya 2013 karatasi imekwisha kuandikwa nusu. Kiwanja chenye makaa tele huweza kuwa na maji haba. Kiwanja cha pwani chenye mandhari ya kuvutia wageni huweza kuwa na nchi kavu ndogo mno ya kuwalaza wafanyakazi. Kiwanja kilichozungukwa na vilima hupata upepo wa kuzungusha mitambo ya umeme lakini hukosa nafasi ya mitaa. Mchezaji mwenye pupa hutazama utajiri ulio chini ya ardhi akakisahau kisima. Baada ya miaka kadhaa ya mchezo pampu zake huanza kutoa hewa, kwa maana maji ya ardhini hupungua yakivutwa kuliko yanavyorudi, na mji wenye makaa ya kutosha jimbo zima hununua maji ya kunywa kwa jirani. Somo hili halikuandikwa po pote kwa maneno. Limo katika mpangilio wa kiwanja, na hiyo ni sifa ya sanaa njema.

Baada ya kiwanja huja kazi. Mchezo umeweka kazi kuu sita: kuchimba makaa na madini, kuchimba mafuta, kufanya biashara ya bidhaa, kutengeneza vyombo vya elektroniki, kuendesha kamari, na kuvuta wageni kwa utamaduni na majengo mashuhuri. Mji hauzuiwi kushika zaidi ya moja, lakini ufinyu wa kiwanja humkumbusha mchezaji kwamba mshika mbili moja humponyoka. Karibu kila kazi ina jumba lake la makao makuu, na jumba hilo hukua kwa kadiri ya faida inayopatikana, likafungua milango ya mitambo mikubwa zaidi. Kwa hiyo mji ulioanza kuchimba huvutwa kuchimba zaidi. Faida ya jana huwa hoja ya kesho, na meya hujikuta akiitumikia kazi aliyoichagua imtumikie.

Na uchukuliwe mji wa makaa na madini kuwa mfano. Mwanzoni huuza mawe na makaa ghafi kupitia ghala la biashara, na malori yake huujaza ule mlango mmoja wa barabara. Kisha hujenga vinu vya kuyeyushia, ukauza chuma na aloi kwa bei iliyo bora kuliko ya mawe ghafi. Jirani mwenye mafuta husafisha mafuta yake akapata plastiki. Jirani wa tatu, ambaye hana kitu chini ya ardhi, lakini ana shule na chuo kikuu, hununua aloi na plastiki akatengeneza prosesa za kompyuta. Huyu wa tatu, aliyeonekana maskini siku ya kugawa viwanja, huweza kuwa tajiri kuliko wote, maana elimu haina mwamba wa mwisho kama ulivyo mgodi. Tena miji yote mitatu hutumana polisi, magari ya taka, umeme na wafanyakazi, na yenye kutaka sifa kubwa hushirikiana kujenga mradi mmoja wa jimbo, kama uwanja wa ndege wa kimataifa au kituo cha kurushia vyombo vya angani.

Ufundi wa sehemu hii ni mkubwa. Mchezo umefaulu kuonyesha, bila mahubiri, kwamba utajiri wa mji mmoja ni jina jingine la uhusiano wake na miji mingine. Umeonyesha pia kwamba kila kazi ina kodi yake ya siri. Kamari huleta fedha ikaleta na wezi. Makaa huleta umeme yakaleta na moshi unaowaugua wakazi. Hata elimu haikuachwa kuwa pambo la maneno: kinu cha umeme wa nyuklia kikiendeshwa na wafanyakazi wasiosoma, hufika siku kikayeyuka na kuitia ardhi sumu isiyotoka upesi. Aliyeifikiri kanuni hiyo aliijua nguvu ya mfano.

Lakini sifa hizi zisimzuie mhakiki kuuliza swali gumu zaidi. Kazi ya mji hukaa wapi? Je, hukaa katika mgodi na jumba la makao makuu, au hukaa katika mikono ya watu wanaoijua? Hapa mchezo unajikwaa vibaya.

Watengenezaji walijivunia kwamba kila mkazi alionekana njiani, akitoka nyumbani na kurudi. Siku chache baada ya mchezo kutoka, wachezaji waliofuatana na mkazi mmoja mmoja kwa macho waligundua siri yake. Asubuhi mkazi hutoka akaingia kazi ya kwanza aikutayo wazi; jioni hutoka akaingia nyumba ya kwanza aikutayo wazi. Kesho kazi ni nyingine na nyumba ni nyingine. Zaidi ya hayo, mji ukikua, hesabu ya watu inayoonyeshwa juu ya kioo huzidi hesabu ya hao wanaotembea barabarani. Wengi waliliona jambo hili kuwa hitilafu ya mtambo, wakalicheka. Kwa mhakiki ni zaidi ya hitilafu, kwa sababu linaibomoa maana ya kazi ya mji.

Mji wa wachimbaji hauwezi kuwako pasipo mchimbaji. Mtu aliyeingia mgodini miaka ishirini anajua sauti ya mwamba unaotaka kuanguka. Mwanawe amekulia katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mgodi. Jirani yake ni mwenzake wa zamu. Huo ndio umaalumu wa mji. Katika SimCity hakuna mtu wa namna hiyo. Makaa yakiisha, wale vijumbe walioingia mgodini jana huingia dukani leo bila manung'uniko, na nyumba haimkumbuki aliyelala ndani yake. Meya hupoteza mapato. Wakazi hawapotezi kitu, kwa kuwa hawakuwa na kitu. Basi mchezo uliokusudia kuonyesha hatari ya kutegemea kazi moja umeionyesha hatari hiyo katika daftari la hesabu peke yake.

Dunia yenyewe ilitoa ushahidi mwaka ule ule. Tarehe 18 Julai 2013 mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani, uliomba mahakamani hifadhi ya kufilisika, nao ulikuwa mji mkubwa kuliko yote iliyopata kufanya hivyo katika nchi ile. Kiwanja cha Detroit kilichaguliwa mwaka 1701 na Mfaransa Antoine de la Mothe Cadillac, kwa kuwa hapo maji ya maziwa makubwa hubanwa yakawa njia nyembamba. Na jina lenyewe, kwa Kifaransa, maana yake ni mlango wa maji. Ngome iliwekwa kuulinda mlango huo na biashara ya ngozi. Karne mbili baadaye maji yale yale yalipitisha madini ya chuma, na mji ukashika kazi moja iliyoupa sifa duniani kote, kazi ya kuunda magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 1,849,568. Mwaka 2010 walikuwa wamebaki 713,777.

Kwa mizani ya mchezo, Detroit haikukosea kiwanja. Maji hayakukauka, wala mlango haukufungwa. Viwanda vilihamia vitongojini na majimbo mengine. Watu weupe wenye uwezo walihamia ng'ambo ya mpaka wa mji wakaenda na kodi zao. Na Waafrika wa Marekani, ambao kwa miaka mingi walizuiliwa kwa ubaguzi kununua nyumba katika vitongoji hivyo, walibaki na mji wenye madeni. Mpaka wa mji, ambao katika SimCity ni mstari wa vitone tu usiovukwa na barabara ya meya, katika Detroit ulikuwa silaha. Mchezo una majirani wanaouziana umeme. Hauna jirani anayejitenga ili asilipie shule ya mwenzake. Kwa hiyo picha yake ya ujirani ni nzuri kuliko kweli, na uzuri wa picha isiyo kweli ni kasoro katika kazi iliyojitia kufundisha.

Mfano wa pili ni Atlantic City, katika jimbo la New Jersey. Kasino ya kwanza ilifunguliwa huko mwaka 1978, na kwa miaka mingi pwani yote ya mashariki ya Marekani haikuwa na mahali pengine pa kasino zilizo halali. Kisha majimbo ya jirani, Pennsylvania likiwamo, yaliruhusu kasino zao. Mwaka 2014 peke yake kasino nne za Atlantic City zilifungwa. Mji ule haukuangushwa na wezi, ambao mchezo huwatisha wachezaji kwao. Uliangushwa na jirani aliyechagua kazi ile ile. Mshindani ni sura ya jirani ambayo mchezo umeigusa kwa wepesi mno.

Upo ufichaji mwingine ambao mbunifu mkuu wa mchezo, Stone Librande, aliueleza mwenyewe. Katika kupima miji ya kweli ya Marekani aliona kwamba viwanja vya kuegesha magari vilikuwa vikubwa kuliko alivyodhani, na kwamba vikichorwa kwa kipimo chake vingeumeza mji wote na kuuharibu mchezo. Basi ikachukuliwa kana kwamba magari yote huegeshwa chini ya ardhi. Msanii ana ruhusa ya kufupisha. Lakini mchezo ambao fahari yake ni ubahili wa ardhi umemsamehe mlaji mkubwa kuliko wote wa ardhi, na mchezaji huondoka akidhani kwamba mji wa magari huenea katika kilomita mbili za mraba wake kwa raha.

Yafaa mchezo huu ulinganishwe na Cities: Skylines, uliotoka Machi 2015 kutoka kwa Colossal Order wa Tampere, Finland, mwezi ule ule ambao Electronic Arts iliifunga studio ya Maxis ya Emeryville, California. Waliouchoka ufinyu wa SimCity walikimbilia huko, na haki yao ilikuwa dhahiri. Hapo mchezaji huanza na mraba mmoja wa ukubwa ule ule, kisha hununua mwingine, hata akawa na tisa. Kazi ya pekee haipewi mji mzima, ila mtaa: huu wa misitu, ule wa kilimo, mwingine wa mawe ya madini, mwingine wa mafuta, na kanuni husema wazi kwamba msitu na shamba hudumu, ilhali madini na mafuta huisha. Mafuta yakiisha mtaa hubadilishwa kazi, na mji huendelea. Huu ni mchezo mpana na wa ukarimu, na picha yake ya mji mkubwa ni sahihi zaidi. Lakini palipo na nafasi ya kila kitu uchaguzi hauumi. Mji wa Skylines unaweza kuwa yote. Mji wa SimCity hulazimishwa kuwa kitu kimoja na kuomba vilivyobaki. Kwa ukweli wa sura Skylines umeshinda. Kwa ukweli wa uchungu SimCity ulikuwa umekaribia zaidi, ukashindwa hatua chache kabla ya kufika.

Hatua mojawapo katika hizo ilihusu wakati. Mchezo ulipotoka haukuchezeka ila kwa kuunganishwa daima na mitambo ya kampuni. Siku za kwanza mitambo hiyo ilielemewa, na wengi walionunua hawakuweza kuingia. Lawama zilikuwa za haki. Pamoja na hayo, miji ilihifadhiwa katika mitambo hiyo tu, na mchezaji hakuweza kurudi kwenye hali ya jana baada ya kosa la leo. Maji yakimwagika hayazoleki: kiwanja kilichochimbwa kilikuwa kimechimbwa. Tarehe 18 Machi 2014 ilitoka njia ya kucheza bila intaneti, na pamoja nayo uwezo wa kuhifadhi na kurudi nyuma. Mnunuzi alipata haki yake. Ila ikadhihirika kwamba uzito wa uchaguzi haukuwa umejengwa ndani ya kazi. Uliazimwa kwa waya uliomfunga mteja, na waya ulipokatwa uzito ukaondoka. Kazi ya sanaa inayohitaji dhuluma ili iwe na maana haijakamilika.

Tena hata siku za waya palikuwa na mlango wa nyuma. Mchezaji aliyechoka na mji uliokwisha makaa aliweza kuuacha na kutwaa kiwanja kingine katika jimbo lile lile. Mji ulioachwa ulibaki pale na moshi wake, na meya alianza upya akiwa safi. Tendo hili dogo limebeba ukweli mchungu kuliko yote yaliyomo katika mchezo, kwa maana ndivyo wafanyavyo wenye mitaji katika miji ya kweli. Lakini mchezo haukuliona kama tendo. Haukumwonyesha aliyeondoka uso wa mtu mmoja aliyebaki.

Hukumu basi yaweza kutolewa. Katika kuchagua kiwanja SimCity ya 2013 ni kazi ya akili na ya nidhamu, bora kuliko ndugu zake waliotangulia, kwa kuwa iliiacha ardhi iwe na neno lake. Katika kuunganisha kazi za miji iliona mbali, ikaonyesha kwamba aloi ya mmoja ni mkate wa mwingine. Katika kumwona mtu ilikuwa kipofu, na upofu huo umeyapunguza yote mawili. Mjenzi atakayefuata hana haja ya kiwanja kikubwa zaidi wala ya kazi ya saba. Na ampe mkazi wake nyumba moja ya kurudi kila jioni na kazi moja ya kuzeeka nayo. Hapo meya atakapokitazama kiwanja chenye makaa, atajua kwamba anachagua pia watakaokuwa hapo siku makaa yatakapokwisha.